Viazi Visivyo na Matundu

Kaeni vizuri, wapendwa, na wale wa nyuma msogee mbele kidogo. Leo nina mfano wa viazi. Najua mmevichoka, nusu yenu mmekuja hapa kucha zikiwa bado na udongo wa shambani. Lakini nisikilizeni.

Kulikuwa na mama mmoja, mkulima wa viazi kama ninyi. Alikuwa na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye hakuwa amekanyaga nyumbani kwake kwa miaka minne. Kisa? Neno moja. Kwenye msiba wa mama mkwe, jikoni, mbele ya wanawake waliokuwa wakipika, mama huyu alisema: "Yule hamlilii mama yake, analilia kanga za marehemu." Na wifi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani. Aliitua ile ndoo, akakaa matanga mpaka yakaisha bila kusema kitu, akaondoka.

Sasa binti wa yule mama akachumbiwa. Mnajua mambo yetu. Siku ya kumuaga binti, nani anamshika mkono na kumkabidhi kwa wakwe? Shangazi. Na shangazi wa binti huyu alikuwa mmoja tu, wifi huyohuyo. Asipokuja, binti ataondoka nyumbani kwa baba yake kama mtu anayetoroka. Binti akalia, baba akapiga simu, wifi akakubali kuja kula chakula cha mchana siku ya Jumatano. Kula tu. Kuhusu sherehe ya Jumamosi hakuahidi lolote.

Mama akataka kupika kitu cha heshima. Mwanawe anayefanya kazi mjini alikuwa amemletea ile mashine ya umeme inayokaanga kwa hewa ya moto, yenye droo mbele. Miezi saba ilikaa sebuleni juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mama Tweve, usicheke, ya kwako pia niliiona.

Wakaitoa. Binti ndiye aliyesoma maelekezo. Wakachagua viazi sita vikubwa vinavyolingana, wakaviosha, wakavifuta mpaka vikakauka, wakavipaka mafuta na chumvi. Binti akachukua uma.

"Mama, hapa wanasema tuvitoboe kwanza. Kila kimoja mara tatu nne, mvuke upate pa kutokea."

"Tuvitoboe?" mama akashtuka. "Nimpe wifi yangu kiazi chenye matundu?"

Jamani, si mnamwelewa? Sisi tukichambua viazi, chenye matundu tunakitupa wapi? Kwenye rundo la nguruwe, maana kina mdudu hicho. Mtu wa mjini angetoboa bila kufikiri mara mbili, lakini mama huyu alichambua viazi tangu utotoni.

"Atasema nimempikia vya nguruwe," akasema. "Weka hivyohivyo. Ngozi iwe nzima."

Binti akaviweka. Moto nyuzi mia mbili, dakika arobaini.

Wifi akafika. Akapokewa mkoba, akakalishwa kwenye kochi lililotandikwa upya. Sasa sikilizeni mazungumzo yao.

"Habari za nyumbani, wifi?"

"Nzuri tu. Za hapa?"

"Tunamshukuru Mungu. Mvua mmepata?"

"Tumepata. Na ninyi?"

"Na sisi tumepata."

Mvua! Watu hawajaongea miaka minne, wanaulizana mvua, na kutoka kwa huyu hadi kwa yule ni kilima kimoja tu. Mvua si ileile? Binti amekaa katikati yao, mikono magotini, anasubiri neno moja tu, na neno lenyewe haliji. Wote wawili wanatabasamu. Ungepita dirishani ungesema, hawa wanapendana sana.

Mara, paa! Huko jikoni.

Wakakimbia. Mama akavuta droo. Kiazi kimoja kilikuwa kimepasuka, kimetapakaa kila upande. Vile vitano vilivyobaki vimetulia, ngozi zinang'aa, vizuri kweli kuvitazama. Mama akashika kichwa. Aliona aibu, maskini, chakula chake cha heshima kimeharibika mbele ya mtu ambaye hakutaka amwone akikosea.

Wifi aliangalia ndani ya droo. Hakucheka. Akauliza, "Uma uko wapi?"

Akapewa. Akashika kiazi cha kwanza kwa kitambaa, akakitoboa, mvuke ukatoka fyuuu. Akatoboa cha pili. Alipofika cha tatu akasema bila kugeuka, "Wifi, lile neno la kanga nililisikia."

Mama akajibu upesi, kama tunavyojibu wote: "Aa, wifi, hayo yamepita."

"Hayajapita. Mimi ninayo hapa kifuani. Miezi miwili nilimwogesha mama yangu kwa mikono hii, humu humu ndani kwako, nawe ukiniona."

Binti alikuwa mlangoni, hata kupumua anaogopa. Mama angeweza kuanza kulia ili abembelezwe. Angeweza kumsingizia shetani, na sisi tunamsingizia mengi. Hakufanya hivyo. Alisema: "Nililisema. Nilikuwa na wivu, wifi. Mimi nilimuuguza miaka mitatu, wewe ukaja mwishoni, na jina alilokuwa akiita lilikuwa lako. Lakini nilichosema hakikuwa kweli. Nisamehe."

Wifi akatoboa viazi viwili vilivyobaki, akafuta machozi kwa kiganja, akairudisha droo.

"Ongeza dakika kumi," akamwambia binti. "Halafu niletee hiyo nguo ya Jumamosi niione."

Wapendwa, hivyo viazi ni sisi. Kila Jumapili tunapeana mkono wa amani humu ndani. Mafuta tumepaka, chumvi tumetia, ngozi zinang'aa. Kumwambia ndugu yako "uliniumiza pale" tunaona ni kumpa kiazi chenye matundu. Kukiri "nilikukosea" tunaona ni kujiweka kwenye rundo la nguruwe. Basi tunasema yamepita. Yamepita yakaenda wapi? Yako ndani, na moto unaendelea kuwaka. Halafu siku moja, kwenye kikao cha harusi au juu ya kaburi la mzazi, mtu anapasuka, nasi tunashangaa tukisema, "Mbona walikuwa wanasalimiana vizuri?"

Sasa mnasubiri niseme amina. Bado.

Mfano huu nilianza kuutunga siku ya Alhamisi kwa ajili yenu. Nilipofika pale mama anaposema "yamepita," kalamu ilisimama, kwa sababu niliitambua sauti. Ilikuwa yangu.

Mwalimu Kyando, wewe wa kwaya. Baada ya Pasaka nilisema mbele ya wazee wa kanisa kwamba unaimbisha ili uonekane. Ulinifuata nyumbani kuniuliza. Nikakuwekea chai, nikakushika mkono, nikasema, "Mwalimu, hayo yamepita." Mimi niliyekosa ndiye niliyesema yamepita! Tangu siku ile tunapeana mikono hapo mlangoni na kuulizana habari za mvua, nami nimekuwa nikilala usingizi kwa sababu ngozi ilikuwa nzima.

Neno lile nililisema mbele za watu, na mbele za watu nasema halikuwa kweli. Nilikuwa na wivu, maana siku ya Pasaka waumini walilia kwa wimbo wako, na kwa mahubiri yangu walitazama saa.

Kwaya, msisimame kwanza. Nashuka nije hapo ulipo, mwalimu. Nikikufikia, niambie lolote ulilonalo kifuani, nina muda wa kusikiliza. Ila tafadhali, usiniambie yamepita.