Bega la Mihambo

Kisa hiki alinisimulia kwanza Bibi Nyanzala, mama yake mama yangu, alasiri moja tukibangua karanga uani kwake. Mume wangu alikuwa ametoka kazini, bega limevimba. Pipa la kumiminia mahindi kwenye mashine ya kusaga lilikuwa limekatika mguu mmoja, na mwenye mashine alikuwa akimtaka mume wangu alishikilie kwa bega, kutwa nzima, lisicheze. Bibi alilitazama lile bega. Mume wangu alipoingia ndani kujinyoosha, Bibi aliwaita watoto wote wa uani. Sauti yake ilikuwa ya hasira tangu neno la kwanza.

Sogeeni, wajukuu. Wewe mwenye mashavu yaliyojaa, tema hapa, hizo ni karanga za mbegu. Mmesogea? Basi fungueni masikio, yote mawili, maana leo nazungumzia sikio.

Ilikuwa zamani. Zamani ile mtama ulipoyapita mapaa ya nyumba kwa urefu, zamani ile nyati walipokuja shambani, wakala, wakashiba, wakalala papo hapo. Mnaijua zamani hiyo? Hamuijui. Hata mimi siijui. Nilipewa, nami nawapa.

Katika kijiji kimoja cha msitu wa miombo palikuwa na gobore moja tu. Lilikuwa mali ya mtemi, na mwenye kulipiga alikuwa mwindaji wake, aliyeitwa Kapela. Gobore lilikuwa refu, lilikuwa zito, mkono mtupu haukuweza kulituliza. Lilitaka egemeo. Na egemeo la Kapela lilikuwa nini? Mti? Si mti. Kichuguu? Si kichuguu. Lilikuwa bega la mtu.

Naam, bega la mtu aliyezaliwa na mama yake! Ndiyo desturi waliyoikuta: mbebaji hupiga goti mbele, mwindaji humwekea mtutu begani, hulenga. Na mbebaji wa Kapela alikuwa Mihambo, mume wa Kalekwa.

"Mihambo, piga goti!" Anapiga goti.

"Mihambo, usitikisike!" Hatikisiki.

"Mihambo, usipumue!"

Mnasikia, watoto? Anamkataza mtu kupumua! Na Mihambo hapumui, mashavu yamevimba, macho yamemtoka. Kisha, pu! Baruti inalipuka kando ya sikio lake la kulia. Mnyama akianguka, Kapela anasema, "Mkono wangu huo!" Mnyama akikimbia, Kapela anamchapa kofi la kisogoni. "Umepumua, mjinga wewe!"

Miaka mitano. Pu, na pu, na pu. Sikio la kulia likafa. Kijiji kizima kilikula ile nyama, kikalamba vidole, na hakuna hata mmoja aliyeuliza sikio la Mihambo limekwenda wapi. Hata mmoja!

Kalekwa peke yake ndiye aliyeona. Mtoto wao alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Akimwita baba yake kutoka kulia, "Baba! Baba!", baba hageuki. Akizunguka kushoto, baba anageuka, anacheka, anamrusha juu. Kalekwa aliona hayo kila siku, na kila siku alitaka kusema. Lakini alikuwa mwenye haya. Mbele ya wakubwa alitazama vidole vya miguu yake tu.

Siku moja, jua likiwa juu, alirudi kisimani na mtungi kichwani, akamkuta Kapela amesimama uani.

"Nyati amemaliza mtama wa mtemi," Kapela alikuwa akisema. "Kesho kutwa tunampiga. Lakini bega lako la kulia siku hizi linatetemeka, Mihambo. Safari hii utanipa la kushoto."

Mihambo alimgeuzia sikio zima ili asikie vizuri. Akajibu, "Ndiyo, mkubwa."

"La kushoto, hapana."

Kapela akageuka huku na huku. "Nani amesema? Mtungi?"

"Nimesema mimi," Kalekwa akajibu. Mtungi ulikuwa bado kichwani. "Sikio la kulia umeshalila. La kushoto ni la mwanangu."

"Nenda ukapike, mwanamke. Gobore linataka kitu kilichotulia."

"Mtu mwenye moyo unaodunda ndiye kitu kilichotulia?"

Kapela akacheka, akaenda zake. Mihambo akashika kichwa. "Mke wangu, utatuletea balaa."

"Balaa limekuja siku nyingi," Kalekwa akasema. "Wewe ndiye hulisikii."

Akautua mtungi, nao ulikuwa umejaa hadi mdomoni. Amekuja nao kutoka bondeni, amegombana na Kapela ungali kichwani, wala tone halijamwagika! Akaishika ile kata, ule mviringo wa majani aliousokota na kuuweka kati ya kichwa na mtungi. Akaibonyeza. Akaibonyeza tena. Kisha akachukua shoka, akaingia msituni.

Alikata fito tatu za kimo cha mtu aliyepiga goti. Akazifunga pamoja karibu na ncha kwa kamba ya gome, akazitanua miguu, akaiketisha kata juu, kati ya zile ncha. Akasukuma kwa kiganja. Hazikuyumba.

Kesho yake alikwenda barazani kwa mtemi, fito kwapani, kata mkononi. Kapela alipoona akaruka.

"Mwiko! Kata ya mwanamke haigusi bunduki! Risasi itapotea njia!"

"Na sikio la mume wangu lilipopotea njia, ulipiga kelele hivi?" Kalekwa akauliza. Safari hii hakutazama vidole vya miguu. "Ee mtemi, mimi siombi nyama. Naomba gobore lipimwe. Bila baruti."

Akatoa njugu mawe moja mfukoni. Mihambo akapiga goti, mtutu ukawekwa begani, Kalekwa akaiweka ile njugu juu ya mtutu. Watu wakanyoosha shingo. Mihambo akazuia pumzi. Akazuia, akazuia, jasho likamtoka. Njugu ikatetemeka, ikadondoka.

"Amepumua!" Kapela akafoka.

"Kweli, amepumua! Ni mtu!" Kalekwa akafoka zaidi. "Kama bega la mtu ni zuri hivyo, chukua la mwanao! Chukua la ndugu yako! Au mwombe mtemi hapo akupe lake!"

Mtemi akajikuta ameshika sikio lake mwenyewe. Cheka, cheka, mjukuu wangu, siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Basi nitaweka kwenye jiwe," Kapela akasema. Wakaweka kwenye jiwe. Chuma juu ya jiwe, kigumu juu ya kigumu: mtutu ukateleza, njugu ikaruka. Wakaweka kwenye tawi. Upepo ukapita, tawi likainama, njugu ikadondoka. Kisha wakaweka kwenye fito tatu, juu ya kata. Majani yakabonyea, yakaushika mtutu kama kiganja. Njugu ikakaa. Upepo ukapita, njugu imekaa. Kuku akapita chini ya fito, njugu imekaa!

Mtemi akasema neno moja tu. "Hizo."

Siku iliyofuata Kapela alijificha kwenye mtama, amenuna, gobore juu ya kata. Mihambo alikaa mbali, ameziba sikio lake kwa kidole. Nyati akatokea, akainua pua. Pu! Mara moja tu. Nyati akaanguka juu ya mtama alioulalia jana.

"Mkono wangu huo!" akasema Kapela. Hata siku hiyo!

Walimletea Kalekwa paja zima. Akalirudisha. "Mpeni Kapela, ale peke yake," alisema. "Mimi nirudishieni kata yangu. Nina maji ya kuteka." Na sikio la kulia, wajukuu, halikurudi. Msije mkasema lilirudi. Lakini jioni ile mtoto aliita "Baba!" kutoka kushoto, na baba akageuka.

Basi mkitaka kitu kitulie, tafuteni kisichopumua. Na mkiona mtu ameambiwa asipumue, msingoje miaka mitano, semeni siku ya kwanza. Hapo kisa changu kimetua mtungi. Mwenye kiu achote, asiye na kiu arudi kwenye karanga.

Bibi alimaliza hivyo, akakung'uta maganda kwenye kanga. Hakunitazama hata mara moja.

Asubuhi yake nilimbeba mwanangu mgongoni, nikachukua shoka, nikakata nguzo tatu nene. Nilizipeleka mashineni kabla mume wangu hajafika, nikaziegemeza mlangoni, na kata yangu juu yake. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini mwenye mashine alisikia.

"Shikamoo, baba. Mguu wa pipa ni huu. Bega halipo tena."