Muhanga Apandisha Kodi ya Ndoto

Hapo zamani za kale, ardhi ilipokuwa bado inapiga miayo, Muhanga alichimba mashimo mengi akayapangisha. Mwili kama gunia, kucha kama majembe, lakini hakuwahi kuota ndoto maishani mwake. Basi wapangaji walimlipa kodi ya ndoto. Kila mwezi ukiandama, kila nyumba ilimsimulia moja, naye akaondoka akitabasamu kama aliyelamba asali.

Nguchiro, mdogo kama kiatu, alipanga shimo la mwisho na watoto wake wachanga. Siku moja mawingu ya masika yalishuka polepole, laini kama sufi, na kila kitu kilisinzia. Hodi ikaja kwa kunong'ona.

"Mama Nguchiro! Shhh! Kuanzia leo kodi ni ndoto mbili. Huna, funga virago. Na usiwaambie majirani."

Moyo wa Nguchiro ukafanya pu! Awapeleke wapi watoto na mvua hii? Lakini aliijua desturi: kodi haipandi mpaka itangazwe mbele ya majirani, na masika yote yapite kwanza. Muhanga naye aliijua. Ndiyo maana akanong'ona.

"Karibu ndani, baba mwenye nyumba," Nguchiro akasema kwa upole. "Sikiliza ya kwanza. Niliota natembea juu ya ukungu. Nikaona kichuguu cha fedha, kinaimba. Kina mlango mdogo, na nyuma ya mlango mchwa wanaliita jina lako."

"Langu? Mchwa?" Mate yakamdondoka Muhanga. "Enhe! Enhe!"

"Nikashika komeo. Mlango ukalia kriii, ukafunguka kidogo, na ndani..."

"Ndani kuna nini?"

"Sijui. Tone liliniangukia puani, nikaamka."

"Ebo! Tone gani tena?"

Paa likajibu lenyewe, to! to! to! juu ya pua yake ndefu.

"Paa lako hilo, baba. Nimekuambia tangu masika yaliyopita. Ndoto moja tu inakatika, hizo mbili nitaziotea wapi?"

"Nitaliziba leo hii! Wewe lala tu, uufungue ule mlango!"

"Nitalalaje na wasiwasi wa kodi?"

"Basi kodi ni ileile!"

"Masikio yangu yamejaa usingizi, baba. Paza sauti."

Muhanga akanguruma mpaka udongo ukapukutika. "KODI NI ILEILE MASIKA YOTE! NA PAA NAZIBA MIMI!"

Charara! Nungunungu akachomoza kichwa shimo la pili. Kwiii! Ngiri naye huyo. "Tumesikia, mwenye nyumba!"

"Umeniweza, mama," Muhanga akasema, akaenda kukanda udongo.

Mwezi ulipoandama alirudi, magoti bado yana tope. "Ndani ya mlango mlikuwa na nini?"

"Palikuwa pakavu, baba. Na wewe umelala humo."

Muhanga akajilaza kizingitini asikilize vizuri. Kidogo kidogo macho yakafumba, pua ikaanza kuchezacheza, akicheka peke yake usingizini. Nguchiro akamruka taratibu, asimwamshe.

Basi wanangu, mwenye nyumba akija kuwanong'oneza kodi, mwambieni apaze sauti majirani wasikie. Msimulizi wenu angelijua hilo mapema, asingelihama miji mingi hivi.