Boti Isiyoshuka Bei

Magesa, tajiri aliyeuza boti za matembezi ya familia pale Mwanza, alikuwa anaapa kwamba boti yake haitikisiki alipotumbukia ziwani na suti yake. Mteja wake, Nyamizi, ndiye aliyemtoa kwa kumvuta tai.

"Bei imepanda tena," Magesa alisema huku akitema maji. "Leo milioni kumi na nane. Krismasi ikipita, ishirini."

"Pesa zangu ni za bati la nyumba, bosi. Nikila hasara, tutalowa wote kama wewe."

Wapita njia walicheka mpaka wakashika mbavu. Magesa akataka heshima yake irudi palepale. "Boti zangu hazishuki bei, dada! Ukiichoka niletee, nitainunua mwenyewe kwa bei ya siku hiyo!"

Nyamizi akalipa. Sikukuu nzima ukoo wake ulizunguka ziwani na masufuria ya pilau, mbuzi amekaa mbele kama nahodha. Januari akairudisha.

"Mbona inanuka beberu?" Magesa alifoka.

"Kwa hiyo imeshuka bei?" Nyamizi aliuliza kwa sauti ya juu.

Nyuma yake wanaume watatu wenye suti walikuwa wakizipapasa boti mpya, masikio wameyatega. Magesa aliwaona, akaiweka tai yake sawa.

"Ishuke? Thubutu!" Akamlipa ishirini zake akitabasamu kwa shida, kisha akawageukia wale wenye suti. "Karibuni, waheshimiwa! Mnachukua ngapi?"

"Hatuchukui," alijibu mkubwa wao, akimwonyesha Nyamizi kwa kidevu. "Tumemsindikiza shemeji."