Ofa ya Bwana Mkude

Bwana Mkude alibandika tangazo la OFA mlangoni mwa hoteli yake, kisha bei ya pilau akaipandisha kimyakimya. Mashavu, muuza mchicha, akaingia na wenzake wa sokoni.

"Bosi, hii ofa ni ya nani?" akauliza kwa sauti, wateja wote wakasikia.

"Yangu. Kwani hoteli ya nani?"

"Ofa yako wewe mwenyewe?"

"Yangu mimi. Kaeni mle, mama."

Wakala, wakamshukuru, wakanawa, wakainuka.

Bwana Mkude akawazibia mlango. "Na hela?"

Mashavu akawageukia wateja. "Jamani, mtu akisema leo ofa yangu, huwa analipa nani?"

"Yeye," hoteli nzima ikajibu, na waliokuwa wameshatoa hela wakazirudisha mfukoni.