Jina la Mchungaji wa Kanaani

Hapo kale, katika nchi ya Kanaani, kila mungu alikuwa na jina isipokuwa mmoja: yule aliyefungua matumbo ya wanawake na ya mifugo. Huyo aliitwa "Wewe" tu, kwa kuwa mwenye uchungu hana pumzi ya maneno mengi.

Zama hizo aliishi mchungaji mmoja, mjane asiye na mtoto, jina lake Ashtarti. Mfalme aliporudi vitani na ushindi, alimtuma msimamizi wa karamu pamoja na askari wakachinje kondoo arobaini wa mjane huyo. Ashtarti alisimama mlangoni pa zizi, fimbo mkononi.

"Hawa wana mimba," alisema. "Kwetu mwenye mimba hachinjwi."

"Mama, mfalme haulizi habari za uzazi. Anataka nyama."

"Basi mwambie ale ushindi wake. Nasikia umenona."

Askari mmoja alicheka, akajuta. Lakini wote walikuwa wana wa wachungaji, na hakuna aliyethubutu kuuvunja mwiko ule. Waliondoka mikono mitupu.

Ndipo mfalme alipotoa amri: jina la Ashtarti lisitamkwe na kinywa chochote. Adhabu hiyo ilizidi kifo. Katika nchi ile wafu waliitwa kwa majina kila mwaka na kumwagiwa maji makaburini. Asiyeitwa alibaki na kiu milele.

Ashtarti hakwenda kuomba radhi. Alipanda kilimani, penye jiwe la mungu asiye na jina, akasema: "Wewe huna jina, na langu limeharamishwa. Lichukue. Mimi mfalme ameweza kunikataza. Wewe na ajaribu."

Alishuka, akawazalisha kondoo wake, na kila mwana-kondoo aliyetoka alimpokea kwa jina hilo, waziwazi. Wanawake wa jirani wakalisikia, wakunga wakalibeba. Mwezi haukuisha, mke wa mfalme akashikwa na uchungu siku mbili. Mkunga alimnong'oneza neno moja sikioni, naye akalipaza hata kuta zikalirudisha. Mfalme, aliyesimama nje ya mlango, aliisikia amri yake ikivunjwa, kisha akasikia kilio cha mwanawe. Hakuamuru mtu yeyote aadhibiwe.

Na tangu siku hiyo mungu yule huitwa Ashtarti, na wachungaji huwaita wana wa kondoo kwa jina lilo hilo. Mjane alikufa bila jamaa wa kummwagia maji. Lakini kila aliyejifungua alimwita, naye akanywa. Amri ya mfalme haikufutwa kamwe. Ilikosa tu mtu wa kuitii.