Zimwi na Bakuli la Uji

Sogeeni, wanangu, kisa kinaanza.

Zimwi lilimshika Mwanamkuu, binti asiyetembea wala kusema.

"Namla!"

"Mtoto mwenye njaa hana utamu," akasema mama yake, Bi Hadia. "Mshibishe kwanza."

Zimwi likachukua kijiko. Mtoto akatema uji. Likajaribu tena, akatema. Mara ya tatu likamwimbia, akameza. Mama, kwa uchovu, akapitiwa na usingizi palepale.

Alipozinduka, jua lilikuwa linatua. Mtoto alikuwa anacheka, zimwi limejaa uji usoni.

"Mama, hii ni kazi ya kila siku?" zimwi likauliza.

"Mara tatu kwa siku."

Zimwi likajifuta uji usoni. "Kesho narudi."

"Umle?"

"Nimpe uji. Wewe ulale."

"Asante," akasema Bi Hadia. Tangu amzae, hakuna aliyewahi kumwambia alale.

Kisa kimeishia hapo. Mama amelala.