Neno Lililobaki Nyuma ya Pazia

Tumepokea kutoka kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, kwamba hapo zamani katika mji mmoja mdogo wa pwani aliishi mwanamke mcha Mungu akiitwa Mwana Jaha. Mji wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba samli ikichemshwa nyumba ya mwisho, harufu ilifika nyumba ya kwanza. Jeneza lilikuwa moja, likikaa ukumbini mwa msikiti. Masufuria makubwa yalikuwa ya wote, anayeozesha na anayezika. Na mwosha wa maiti za wanawake alikuwa mmoja, ndiye huyo Mwana Jaha. Hakuchukua ujira. Akiitwa alikuja, hata akiwa na homa, majani ya mkunazi yakiwa kikapuni na kafuri imefungwa kwenye pindo la leso yake.

Wanazuoni wa mji walikuwa wakifundisha kwamba anayeosha maiti akiona jambo jema ana ruhusa ya kulisema, ili wafiwa wapate faraja. Na akiona lisilopendeza, alifunike kama anavyoufunika mwili. Mwana Jaha alilishika fundisho hilo kwa moyo safi. Kila alipotoka nyuma ya pazia, mikono yake bado ina maji, wanawake waliokaa kwenye mikeka walimwuliza neno moja: "Umemwonaje?"

Naye akiwa ameona jema alilisema. Alipomwosha mke wa kadhi alisema, "Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeletewa habari njema." Wanawake wakalia kwa furaha, na neno lile likaenda nyumba kwa nyumba. Mara nyingine hakuwa ameona kitu cha kusimulia, maana wafu walio wengi wamelala tu kama walalavyo watu waliochoka. Hapo alisema, "Allah amrehemu," akaenda zake kuoga.

Hakujua kwamba mji ulikuwa umejifunza kupima. Watu walisema, "Fulani amepewa uso." Na fulani mwingine wakasema, "Huyo kaombewa rehema tu," kisha wakatazamana.

Hata ilikuja siku akafariki Bi Kazija, mjane aliyekuwa akiuza uji wa asubuhi pembeni ya msikiti. Alikuwa na ulimi mkali. Alimwambia kila mtu ukweli wake, na akipata nafasi alimwambia pia ukweli wa jirani yake, kwa hiyo waliompenda walikuwa wachache na waliomwogopa walikuwa wengi. Mwana Jaha alimwosha kwa upole, akamvisha sanda, akatoka. Wakamwuliza, "Umemwonaje?" Akasema, "Allah amrehemu."

Basi ikawa hivyo. Siku ya khitma yake wali ulipoa kwenye sinia bila walaji. Uji ambao binti yake Saumu aliendelea kuupika ulirudi nyumbani na utando juu yake. Hakuna aliyesema neno baya hadharani. Watu waliupitia mbali mlango ule, basi.

Saumu akaenda nyumbani kwa Mwana Jaha, akapiga hodi.

"Karibu, mwanangu. Ingia, usisimame juani."

"Mama, sikuja kukulaumu. Nimekuja kuuliza tu. Ulimwona nini mama yangu?"

Mwana Jaha alishangaa. "Sikuona kitu, mwanangu. Nilimwona mtu mzima aliyechoka, amelala. Nikamwosha, nikamwombea."

"Basi mbona watu wanakata njia wakiuona mlango wetu?"

"Wanakata njia kwa lipi?"

"Kwa neno lako, mama. Mke wa kadhi ulimsifu. Bi Shuwea ulimsifu. Mama yangu ulimwombea rehema, ukaondoka. Watu wanasema Mwana Jaha hasemi uongo; akinyamaza, ameona la kunyamaziwa."

Inasemekana Mwana Jaha aliweka chini ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka, asiweze kuuokota tena mchana ule. Ruhusa aliyopewa ilikuwa ya kweli, nia yake ilikuwa ya kweli, na maneno yake yote yalikuwa ya kweli. Hata hivyo dhuluma ilikuwa imepita katikati ya hayo yote, ikaingia nyumba ya yatima. Akasema, "Kumbe kila nilipomsifu mmoja nilikuwa namwacha mwingine uchi."

Ijumaa iliyofuata, wanawake wakiwa wamekusanyika kwa dua, alisimama akawaambia kwamba kwa Bi Kazija hakuona baya lolote. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kamwonea huruma mtoto." Mwana Jaha alisikia. Akajua kwamba neno likicheleweshwa halina tena nguvu ya kuponya. Ndipo akaongeza, "Nami naahidi mbele yenu na mbele ya Mola wangu: kuanzia leo nikimwosha mtu sitasema nilichoona, kiwe kizuri kiwe vinginevyo. Wote nitawaombea rehema, na neno langu litaishia hapo."

Bi Arafa, mama mmoja mchangamfu ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kila mara, akasema, "Hata mimi, Mwana Jaha? Miaka yote hii nimeizuia midomo yangu nisisengenye, nikitarajia utanisemea."

"Umeizuia lini, shoga?" akajibu mwingine, na wanawake wakacheka. Lakini ahadi ilikuwa imekwisha wekwa.

Tangu hapo Mwana Jaha alimchukua Saumu awe msaidizi wake. Alimfundisha kuanza upande wa kulia, kumimina maji taratibu kama anayemwosha mtoto mchanga, na kutazama tu pale panapohitaji kutazamwa. Wapo walionung'unika kwamba hawataki mikono ya binti wa Kazija iwaguse. Mwana Jaha aliwajibu kwamba mikono ile ndiyo itakayokuwapo.

Kisha Mwenyezi Mungu akamjaribu mja wake mahali panapouma.

Mwana Jaha alikuwa na binti mmoja tu, Mwanaidi. Binti huyo aliolewa akaachika, akaolewa tena akaachika, akarudi nyumbani na mtoto wa kike mikononi. Katika mji mdogo jambo kama hilo halikosi wa kulieleza. Wengine walisema ana mkosi, wengine walitaja mwenendo wake, na hapakuwa na aliyeweza kusema ameona nini. Mwanaidi hakumjibu mtu. Homa ya msimu wa mvua ikamshika, na siku ya nne akarejea kwa Mola wake, mtoto wake akiwa bado hajaanza kutembea.

Watu walimwambia Mwana Jaha atafutwe mwosha kutoka mji wa jirani. Alikataa. Alisema, "Nimewaosha wa watu. Wangu nimpe nani?"

Baada ya sala ya adhuhuri pazia likashushwa. Ndani walikuwa wawili, Mwana Jaha na Saumu. Bi Arafa alikaa nje ya pazia akipitisha ndoo za maji. Amesimulia kwamba ndoo ya kwanza ilipokewa, na ya pili ikapokewa. Ya tatu aliipitisha, na haikupokewa. Aliishika mpaka mikono ikachoka. Mara akasikia sauti ya Saumu, chini chini: "Subhanallah." Kisha minong'ono asiyoweza kuielewa, ndipo mkono ukatoka kuichukua ndoo.

Yaliyonong'onwa ndani tumeyajua kwa kauli ya Saumu mwenyewe, alipokuwa mkongwe na watu wa zama zile wote wameshatangulia.

Mwana Jaha alimwuliza, "Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Basi tukiache hapa hapa."

Saumu akaanza kulia. "Mama, hili ni jema. Jema limeruhusiwa. Ukitoka ukilisema, leo hii hii jina la Mwanaidi linasafika, na huyu mtoto atakua bila kunyooshewa kidole."

"Limeruhusiwa, mwanangu. Nami ninalitamani kuliko maji siku ya kufunga." Akamimina maji juu ya bega la binti yake. "Lakini nikimsemea wangu, niliowanyamazia wote watakuwa wamehukumiwa upya. Wa kwanza wao ni mama yako."

Wakamaliza kazi, wakamfukiza udi, wakamvisha sanda. Walipotoka, waliokuwapo waliona kwamba macho ya Mwana Jaha hayakuwa yakitazama kitu cha pale. Bi Arafa, ambaye ile subhanallah ilikuwa bado masikioni mwake, ndiye aliyesogea.

"Mwana Jaha, ahadi uliiweka na sisi. Sisi tunakuachilia. Umemwonaje mwanao?"

"Allah amrehemu mwanangu."

"Nani atakulaumu? Huyu ni damu yako."

"Ndiyo maana siwezi."

"Basi nusu ya neno, dada yangu. Kwa ajili ya huyu." Akamwonyesha mtoto aliyelala mapajani mwa jirani, kidole mdomoni.

Mwana Jaha alimtazama mjukuu wake. Waliokuwa karibu wanasema midomo yake ilifunguka, ikafungika, ikafunguka tena. Kisha akasema, "Allah amrehemu," akafunika uso kwa leso.

Hapo Bi Arafa akamgeukia Saumu. "Wewe hukuweka ahadi na mtu. Wala si mama yake, hatutasema unampendelea. Sema wewe."

Ilikuwa kweli. Saumu hakufungwa na ahadi yoyote. Na kama angesema, nani angemtilia shaka mtu aliyeumizwa na kimya cha Mwana Jaha kuliko wote mjini? Kama angetaka kulipiza pia, njia ilikuwa wazi. Alitazama mikono yake iliyokunjamana kwa maji, akasema:

"Nimemwona kama Mwana Jaha alivyomwona mama yangu. Ni mja wa Mungu, amelala. Allah awarehemu wote wawili."

Bi Arafa alikaa chini pale pale kwenye maji yaliyomwagika. Yeye pekee kati ya waliokuwa nje alikuwa ameisikia ile sauti, na alijua kwamba haikuwa sauti ya mtu aliyeogopa. Akafahamu kwamba mbele yake amesimama mama aliyekuwa na heshima ya mwanawe mkononi, akaiweka chini ili isimkanyage muuza uji. Na pembeni yake binti wa muuza uji, aliyeikataa nafasi ya kuwa juu ya mtu mwingine.

"Tumemla Bi Kazija mzima mzima," akasema Bi Arafa. "Na mimi ndiye niliyeshika sinia."

Mwanaidi alizikwa baada ya alasiri, na jeneza lake lilibebwa na watu wa kila mtaa, hata wale waliokuwa wakimtaja kwa ubaya. Siku ya khitma masufuria hayakupelekwa kwa Mwana Jaha. Wanawake waliyapeleka uani kwa Saumu, wakapika pale, na dua ikasomwa kwa majina mawili, Kazija na Mwanaidi, moja likifuata jingine, bila kutenganishwa. Wali wa siku ile haukupoa.

Tangu hapo desturi ya kuuliza ikafa. Mwosha alipotoka nyuma ya pazia watu walimpa maji ya kunywa na nafasi ya kukaa. Yule mtoto wa Mwanaidi alikua, akaolewa, na alipofika utu uzima akawa yeye ndiye mwosha wa mji.

Saumu alipohadithia haya uzeeni, waliomsikiliza walimwomba awaambie basi walichokiona siku ile. Alitabasamu kwa muda mrefu, machozi yakimtoka, akasema, "Lilikuwa jema." Wakamsihi. Akawaombea dua, akaomba asaidiwe kusimama, maana wakati wa sala ulikuwa umeingia.

Wala sisi hatujui, na hatuna haja ya kukisia. Aliyemfunika mja wake ndiye ajuaye alichokifunika, kizuri na kinginecho, na kwake hakuna aliyeachwa uchi. Ewe msomaji, ulimi wako ukitaka kumpandisha mmoja, tazama kwanza ni nani amesimama chini yake. Allah amrehemu Mwana Jaha, amrehemu Saumu, awarehemu na wale wote ambao hatukuambiwa lolote juu yao.